Mkono wa mama uligoma mazoezi, mbwa ndo akaufanya uanze kazi. Tuongee kuhusu tiba ya kutumia wanyama

#1 Mlezi wa Usiku

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nimesema naandika tu hata ukiwa mrefu, atakayechoka apumzike arudi baadae.

Kwanza niweke jambo moja sawa maana najua litachanganya watu. Nikisema tiba ya kutumia wanyama simaanishi kutibu mifugo, na wala simaanishi dawa za mafuta ya sijui simba sijui chatu, hapana. Naongelea mgonjwa binadamu ambaye mtaalamu wake anamwingiza mnyama mzima aliye hai, mbwa, paka, farasi, sungura, kwenye matibabu yenyewe, mnyama yupo palepale chumbani na ana kazi yake.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea wote. Mguu ulianza kurudi mapema kidogo ila mkono ukagoma. Sasa waliowahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi wanajua, mazoezi ya mkono yanachosha moyo kuliko hata mwili. Unapewa mpira wa kubinya, unapewa vijiti vya kuchomeka kwenye matundu, unaambiwa rudia mara kumi, haya tena mara kumi. Mama ni mtu aliyeishi kwa mikono yake alafu leo anakalishwa mezani kuchomeka vijiti kama mtoto wa chekechea. Alikuwa anauangusha ule mpira makusudi na kugeukia ukutani. Siku nyingine machozi kabisa. Wiki ya tano akasema harudi tena kule.

Mtaalamu wake wa mazoezi tiba hakubishana nae hata kidogo. Siku tuliyomshawishi arudi tukakuta kuna mbwa mkubwa wa rangi kama ya dhahabu amelala pembeni ya kiti, mwenye mbwa kakaa nae kashika kamba. Mama akaulizwa kwanza, unaogopa mbwa? Una aleji nao? Akusogelee au akae hukohuko? Akasema asogee. Yule mbwa akaja polepole akaweka kichwa kwenye paja la mama, tena la kulia, upande uleule mbovu. Mtaalamu akamwekea mama brashi mkononi akamwambia, huyu leo hajachanwa, naomba unisaidie.

Nawaambia ukweli mama alimchana yule mbwa kama dakika kumi na mbili. Mkono wa kushoto umeushikilia wa kulia juu ya brashi, unatoka shingoni unakwenda mpaka mgongoni, unarudi. Vidole vikiteleza mtaalamu anavirudisha bila kusema neno. Mimi nimesimama mlangoni nahesabu kimoyomoyo, nilipita arobaini nikapoteza hesabu, na huyu ni mtu aliyekuwa anakataa kurudia mara kumi!

Kuanzia hapo kila zoezi likabadilishwa sura. Kubinya mpira ikawa kumrushia mbwa mpira. Vile vijiti ikawa kuokota punje za chakula cha mbwa kwa kidole gumba na cha shahada, moja moja, na kumpa. Kujifunza kufunga vifungo ikawa kufunga na kufungua mkanda wa shingoni mwake. Ukiangalia vizuri ni mijongeo ileile ambayo mtaalamu alikuwa anaitaka tangu wiki ya kwanza.

Na hapa ndo nataka tuelewane, kwasababu watu wakisikia habari hizi wanadhani mbwa ana nguvu fulani ya kuponya. Mbwa hakuuponya mkono wa mama. Kinachorudisha mkono baada ya kiharusi ni marudio, ubongo unajifunza upya kwa kufanya kitu kilekile mara nyingi mno. Mbwa alimpa mama sababu ya kurudia. Kwangu hiyo ndo siri yote ya hii tiba, mnyama anafungua mlango ambao mgonjwa alikuwa kaufunga kwa ndani, alafu mtaalamu ndo anaingia kufanya kazi yake.

Wenye uzoefu na maswali karibuni.

#2 Bint Sauda

Pole sana kwa mama na asante kwa kushare. Mimi nauliza, hii ni kwa magonjwa ya viungo tu au hata ya akili? Nina mdogo wangu ana sonona, ukimpeleka kwa mnasihi anakaa saa nzima haongei.

#3 Mlezi wa Usiku

Bint Sauda, kwa kweli ilianzia hukohuko kwenye akili na kwa watu wa aina ya mdogo wako, wasioongea.

Kuna mwanasaikolojia wa watoto Marekani alikuwa anaitwa Boris Levinson. Alikuwa na mbwa wake Jingles, na kwa kawaida wagonjwa wakija mbwa hayupo. Siku moja mzazi akamleta mtoto kabla ya muda wa miadi, mtoto aliyekuwa amejifungia ndani ya nafsi yake, matibabu mengine hayakumsaidia. Jingles akamkimbilia akaanza kumlamba. Levinson akategemea mtoto apige kelele, badala yake akamkumbatia mbwa. Mtoto akataka kurudi kucheza nae, siku za mwanzo ni kama daktari hayupo, mtoto na mbwa tu, alafu taratibu Levinson akaingia kwenye mchezo na mazungumzo yakaanzia hapo. Alipowaeleza wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapo waliomcheka, lakini aliandika makala 1962 akimwita mbwa mtabibu mwenza, na ndo inahesabiwa kama mwanzo wa hii fani kitaalamu.

Na kabla yake watu walishaliona. Kule York, Uingereza, kuna nyumba ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa 1796 na familia ya kina Tuke, enzi ambazo kwingine wagonjwa wa akili wanafungwa minyororo, wao wakaweka sungura na kuku uani ili wagonjwa wawe na kitu cha kutunza. Florence Nightingale nae kwenye kitabu chake cha uuguzi cha 1859 aliandika kwamba kamnyama kadogo ni mwenzi mzuri sana kwa mgonjwa, hasa yule wa muda mrefu. Hata Sigmund Freud uzeeni alikuwa anakaa na mbwa wake Jofi chumbani wakati anaongea na wagonjwa.

Sasa kwanini mtu asiyeongea na mnasihi aongee mbele ya mbwa? Mimi naona ni macho. Mgonjwa wa sonona akikaa mbele ya mtu anajiona anapimwa, kila neno lake lina mtu analisubiri. Mbwa hasubiri neno. Ukinyamaza saa nzima yeye yupo tu kaegemea mguu wako. Na mikono yako ikiwa na kazi, inachezea masikio yake, mdomo unalegea wenyewe. Muulizie mdogo wako kwa huyo mnasihi kama anao utaratibu huo, ila dawa kama anatumia asiache.

#4 Nahodha wa Nchi Kavu

Mkuu stori yako inagusa na sina shaka nayo, ila mimi ni mtu wa ushahidi. Mgonjwa akifurahi si hata muziki unamfurahisha? Kuna vipimo vyovyote au ni hisia?

#5 Mlezi wa Usiku

Nahodha swali zuri sana, nililiuliza mwenyewe nikasoma usiku mwingi nikiwa zamu kwa mama.

Vipo. Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walichukua wanafunzi 249 wakawagawa makundi manne. Wa kwanza wakapewa dakika kumi kuwashika na kuwapapasa mbwa na paka, wa pili wakakaa foleni kuwaangalia wenzao, wa tatu wakaonyeshwa picha za walewale wanyama, wa nne wakasubiri tu. Wakapimwa kotisoli kwenye mate, ile homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Walioshika wanyama kwa mikono ndo kotisoli yao ilikuwa chini zaidi, matokeo yalitoka 2019. Yani kuona picha haikutosha, mkono lazima uguse manyoya.

Wajapani nao 2015 walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni, oksitosini inapanda kwa wote wawili, kwa mtu na kwa mbwa. Ni homoni ileile inayomfunga mama na mtoto mchanga. Wakajaribu na mbwa mwitu waliolelewa na watu, haikutokea.

Kuna na ile ya zamani ya Erika Friedmann, 1980. Wagonjwa 92 wa moyo walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali. Wasio na mnyama nyumbani walikuwa 39 wakafa 11, wenye mnyama walikuwa 53 wakafa 3. Watu wanaipenda sana hii ila mimi naiweka kwa tahadhari, inawezekana anayeweza kufuga tayari ana nguvu zaidi au ana watu wa kumsaidia. Ilifungua macho, haikumaliza ubishi.

Inayonigusa mimi ni ya samaki. Wazee wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu, wengi wanakonda kwasababu hawatulii mezani, anainuka, anazunguka, chakula kinapoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakaweka tangi la samaki kwenye ukumbi wa kulia. Wazee 62. Wakaanza kutulia wanaangalia samaki huku wanakula, kiasi wanachokula kikaongezeka, uzito ukaongezeka, na virutubisho vya ziada vikapunguzwa. Samaki! Kiumbe ambacho hata hukigusi.

#6 Nahodha wa Nchi Kavu

Hiyo ya samaki sikuijua. Nimekubali hoja ya kushika dhidi ya kuangalia picha, hilo jaribio limepangwa vizuri.

#7 Baba Wawili

Naweka langu. Mwanangu wa kwanza ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo, misuli ya miguu imekaza, anatembea kwa vidole na mapaja yanagongana kama mkasi. Tulianza nae tiba ya farasi mwaka jana.

Wengi wanadhani mtoto anaenda kupanda farasi afurahi. Kufurahi anafurahi ila tiba yenyewe iko kwenye mwendo wa farasi. Farasi akitembea mgongo wake unakwenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma kwa pamoja, na ukikaa juu yake nyonga yako inachezeshwa karibu sawasawa na nyonga ya mtu anayetembea kwa miguu. Kwa hiyo mtoto ambaye hajawahi kutembea vizuri, mwili wake unaonjeshwa kutembea kukoje. Na asipojiweka sawa anaegemea upande, kwa hiyo misuli ya tumbo na mgongo inafanya kazi muda wote bila kuambiwa kaza tumbo.

Kuna mtu anayemwongoza farasi, kuna wawili wanatembea pembeni wameshika miguu ya mtoto, na mtaalamu anaangalia nyonga tu, anasema punguza mwendo, simama, zunguka kushoto. Tandiko gumu hawatumii, kuna pedi laini, joto la farasi linapanda kwenye mapaja. Siku ya kwanza mwanangu alivyowekwa juu mapaja yalikataa kufunguka, akakaa kama kipepeo aliyefunga mbawa. Baada ya dakika ishirini nikaona magoti yanashuka yenyewe taratibu, yameshika mbavu za farasi kila upande. Jioni ile nilimvalisha suruali bila kuvutana nae, mara ya kwanza. Kesho yake yakawa yamekaza tena, nisiwadanganye, lakini kila wiki yanachelewa kidogo kukaza na sasa anakaa kwenye kiti bila kuegemea.

Kuna mwanamke wa Denmark, Lis Hartel, alipata polio 1944 akiwa mjamzito, chini ya magoti miguu ikafa kabisa. Akarudi kwenye farasi, anapandishwa na kushushwa na watu, alafu 1952 akachukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Helsinki akishindana na wanaume. Ushindi wake ulichangia sana watu Ulaya kuanza kumchukulia farasi kama tiba. Nikichoka namkumbuka huyo mama.

#8 Mlezi wa Usiku

Baba Wawili, hiyo ya magoti kushuka nimeisoma mara mbili. Mungu amtangulie mtoto.

#9 Kimya Kingi

Samahani naomba kuharibu utamu kidogo ila ni lazima lisemwe. Mpwa wangu ana usonji. Kituo kimoja, sitakitaja, kilitangaza tiba ya mbwa tukampeleka. Hakuna aliyetuuliza kitu. Chumba kidogo, watoto wanane, mbwa mmoja, hakuna mtaalamu, kuna kijana tu kashika kamba. Watoto wanamvuta masikio, mmoja anapiga kelele karibu na uso wake. Mbwa akambwekea mpwa wangu na kumparua mkononi. Tangu siku ile akisikia mbwa hata mbali anaziba masikio na kujigonga kichwa. Tulikwenda kutafuta nafuu tukarudi na tatizo jipya.

#10 Nesi Mstaafu

Kimya Kingi pole sana, na hujaharibu kitu. Umeleta kilichokuwa kinakosekana kwenye huu uzi.

Mimi nimefanya kazi wodini miaka mingi na tulikuwa na mbwa wa kutembelea wagonjwa. Nikikusikiliza, yule mbwa alishatoa taarifa mapema ila hakuna aliyejua kumsoma. Mbwa akizidiwa anapiga miayo na hana usingizi, analamba midomo hakuna chakula, anageuza kichwa pembeni, weupe wa jicho unatokeza, mkia unaingia katikati ya miguu. Mwenye mbwa anayejijua akiona mawili tu kati ya hayo anasema kwaherini, anamtoa, hata kama zimepita dakika tano. Taasisi kubwa ya Marekani ya mambo haya, Pet Partners, mnyama haruhusiwi kuzidisha masaa mawili ya kazi kwa siku. Na mbwa sio kila mmoja anafaa, anapimwa kwanza: akishikwa vibaya anafanyaje, sinia likianguka nyuma yake anafanyaje, mtu wa magongo akimjia anafanyaje. Mbwa mwenye upendo sana nyumbani anaweza kufeli hapo.

Upande wa usafi: mnyama ana chanjo zote ikiwemo ya kichaa cha mbwa, ametibiwa minyoo na viroboto, kaogeshwa, kucha zimekatwa, na halishwi nyama mbichi maana inabeba bakteria. Mgonjwa ananawa mikono kabla na baada, hili hatukuwahi kulegeza. Mwenye kidonda wazi, aliyepandikizwa kiungo au ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani, huyo hatumpelekei mnyama mpaka daktari wake aseme. Mjamzito asishughulike na kinyesi cha paka. Kobe na mijusi wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, watoto wadogo na wazee waachane nao. Mwenye pumu aulizwe mapema.

Na wako wanaoogopa, au malezi na imani zao mbwa hakai nao karibu. Hao hawalazimishwi hata kwa utani. Kuna paka, sungura, ndege, samaki. Kwa watoto wenye usonji simbilisi (guinea pig) wamefanya vizuri sana, kadogo, kanakaa kwenye mapaja, hakabweki. Kimya Kingi, huko mbele akitulia fikirieni hako, ila mwanzo kawe ng'ambo ya chumba kwenye kizimba, mtoto aamue mwenyewe lini asogee.

#11 Kimya Kingi

Asante nesi. Kuamua mwenyewe lini asogee, hicho ndo hatukumpa. Nimechukua.

#12 Bint Sauda

Na ile ya kuogelea na pomboo vipi? Naona inatangazwa sana eti inatibu usonji na kila kitu.

#13 Nesi Mstaafu

Hapo mimi nasema hapana. Wanasayansi Lori Marino na Scott Lilienfeld walizipitia tafiti zake wakakuta zimepangwa vibaya, hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba inatibu. Pomboo ni mnyama wa porini mwenye nguvu, ameshaumiza watu, na kufungiwa kwenye bwawa kunamtesa. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa anauziwa tumaini kwa hela nyingi. Hela hiyo peleka kwenye mazoezi ya kawaida ya kila wiki.

#14 Zulfa wa Ghorofani

Swali langu ni kwa mleta uzi. Mgonjwa akishamzoea mnyama alafu mnyama akaondoka au akafa inakuwaje? Mimi nimefiwa na paka nilikaa miezi sijielewi, sasa mgonjwa je?

#15 Mlezi wa Usiku

Zulfa umeuliza kitu ambacho tulikipitia juzijuzi tu.

Yule mbwa alizeeka, nyonga zikaanza kumuuma, mwenyewe akaamua apumzike. Hawakumwondoa kimyakimya. Walimwambia mama wiki tatu kabla, wakamwambia ukweli kwamba amechoka na yeye anaumwa nyonga. Mama akanyamaza, alafu akauliza kama nae anafanyishwa mazoezi. Akaambiwa ndio. Akasema mwambieni asigome.

Siku ya mwisho alimchana kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto kauweka nyuma ya kiti makusudi ili tuone. Brashi inayumba, inasimama, inaendelea. Mbwa alisinzia. Mwenye mbwa akamwachia mama ule mkanda wa shingoni, na mama akauweka kwenye mfuko wa gauni. Gari kuelekea nyumbani alilia, mimi pia. Wiki mbili zilizofuata hakutaka mazoezi na mtaalamu alimwacha apumzike, hakumletea mbwa mwingine haraka kama vile wa kwanza hakuwa na maana. Wiki ya tatu mama akaomba mwenyewe kurudi mezani, kwenye vilevile vijiti.

Ule mkanda upo pembeni ya kitanda, akiwa anaangalia taarifa ya habari anaufunga na kuufungua. Blauzi yake ina vifungo vitano, jana asubuhi alifunga vitatu bila kuniita. Cha nne anasema tundu lake ni dogo.